Mchinjaji Aliyeshindwa na Kambare

Jina lake analo, akae nalo. Mtaani kwetu Mbagala, kule mteremkoni kuelekea bondeni, hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa walimwita Mchinjaji, watoto tulimwita Babu Mchinjaji, na mie nitamwita hivyohivyo, maana nikilitaja jina lake mdomo wangu unaingia uchungu. Najua watu wakisimulia habari za mzee huanza na kwao wapi na baba yake nani. Hayo waulizeni wanaompenda. Mie nitasema niliyoyaona, na niliyoyaona yananichemsha damu mpaka leo.

Kwetu pale watu wamechanganyika. Nyumba hii Wamakua, ile Wazaramo, inayofuata Wandengereko. Huku msalaba ukutani, kule mkeka wa kuswalia, na ua mmoja wa kuanikia nguo. Sasa ukitaka jirani ale kwako, kuku wako huchinji mwenyewe. Unampeleka kwa Mwislamu anayejua kuchinja, anamwelekeza kibla, anasoma bismillahi, anakata, na kuanzia hapo kuku huyo ni wa mtaa mzima. Kuku wetu wote wa Krismasi na Pasaka walipita mkononi mwa mzee huyu. Mama yangu ni Mkristo wa Masasi, na angeweza kabisa kumchinja kuku wake nyuma ya choo akanyamaza, lakini kwake sikukuu ambayo jirani hagusi sahani haikuwa sikukuu. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo nilikuwa natumwa na kuku kwa Mchinjaji, na ndivyo nilivyomjua.

Mara ya kwanza nilimbeba kuku kichwa chini, miguu nimeishika kwa mkono mmoja, kama nilivyoona watu wakifanya sokoni. Alinitazama, akauliza kama na mie ningependa kuning'inizwa namna ile hadi kwetu. Alinirudisha njia nzima. Nilipokuja tena nimempakata kuku kama mtoto mchanga, ndipo akampokea, akamnywesha maji kwenye kikombe cha bati, akamfunika macho kwa kiganja. Waliokuwa kwenye foleni walisubiri nyuma ya bati, kwa sababu hakutaka kuku mmoja amwone mwenzake akichinjwa. Mtu akicheka pale uani, anaondoka na kuku wake mzima. Na kabla hajakata alikuwa akimnong'oneza kitu yule kuku baada ya bismillahi. Wenye masikio mazuri walisema alikuwa anamwomba radhi.

Kisu chake kilikuwa kikinolewa kila siku baada ya swala ya alasiri, kwenye jiwe lililokuwa karibu na bomba. Alikuwa akikijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono huo ulikuwa mtupu kabisa na wa kulia una manyoya. Malipo hakuwa akipokea. Harusi ikichinjwa ng'ombe, shingo ilikuwa haki yake, naye akiipokea tu inakwenda kwa mjane aliyepanga nyumba ya pili. Yeye mwenyewe nyama hali. Si ng'ombe, si kuku, si hata dagaa. Mtaa mzima ulikula kwa mkono wake na yeye jioni anakaa na maharage yake na mchicha. Ukimuuliza alijibu kwamba mtu ukishawashika shingo wote, hamu inakuishia. Nakiri kwamba hayo yalikuwa mazuri, na ndiyo yanayonichukiza zaidi, kwa sababu mtu mbaya moja kwa moja ningemsahau zamani.

Tatizo lake lilikuwa domo. Mzee huyu hakujua kusema sijui. Watu walianza kumuuliza mambo ya kuchinja, wakaona anajibu vizuri, wakahamia kwenye mengine: soseji za dukani, mafuta ya kukaangia, dawa ya kikohozi ina pombe au haina. Yeye kila swali anajibu, na akishajibu, imekwisha. Palikuwa na ustadhi kijana aliyesomesha watoto madrasa pale juu, mtu mpole aliyesoma kwelikweli, lakini watu walimpita yeye mlangoni wakaenda kwa Mchinjaji, eti kwa kuwa Mchinjaji ana kisu. Yaani mtu kushika kisu ndiyo elimu. Jamani.

Sasa kuhusu kambare.

Bondeni kwetu watu walichimba mchanga wa kujengea miaka na miaka, wakaacha mashimo, na mashimo yakajaa maji. Ndani ya maji yale mlijaa kambare, weusi, wana sharubu ndefu, kichwa bapa na kigumu kama kifuniko cha sufuria. Nani aliwapanda hakuna anayejua. Kambare hakai shimo moja akaridhika. Masika yakipiga, anatoka majini, anajiegemeza kwenye mapezi yake ya mbele, anajisukuma kwenye majani mabichi, anajipinda huku, anajipinda kule, anavuta hewa kama wewe na mie, hadi shimo lingine. Ukiamka asubuhi ya mvua unawakuta njiani. Wageni wanapiga kelele wakidhani ni nyoka. Mama yangu alikuwa anachukua ndoo.

Aliwaokota, na wengine alinunua kwa wavuvi wa ndoana. Ute wao aliutoa kwa majivu, akawakatakata vipande, chumvi, ndimu, pilipili kidogo, kisha karai. Meza yake ilikuwa pale kona ya kushukia bondeni, na jioni huwezi kupita. Walimwita Mama Kambare na alilipenda jina hilo. Baba yangu alikuwa ameshaondoka na mambo yake, kwa hiyo nguo yangu ya shule, mafuta ya taa, na sie kuitwa watu mbele za watu, vyote vilitoka kwenye karai lile. Wasabato wa kule juu hawakula kwa sababu kambare hana magamba. Walipita, wakasalimia, wakaenda zao, na hakuna aliyegombana na mtu. Waislamu walikula, ustadhi mwenyewe alikuwa anachukua kipande cha mkia. Samaki hachinjwi, kila mtu anajua hilo, na meza ile ilikuwa ya kila mtu.

Ikaja siku ya mvua, Mchinjaji yuko uani na watu wake wa foleni, anaosha kisu. Kambare mmoja mkubwa akaingia kwa chini ya uzio. Akajikokota kwenye tope, akapita mbele ya miguu ya mzee, akasimama pale penye maji ya damu, mdomo unafunguka na kufumba. Mzee akaacha kila kitu. Akachuchumaa kumtazama kwa muda mrefu. Nilikuwepo, nimempakata kuku wa jirani. Hatimaye akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kiumbe anayetembea na kuvuta hewa si samaki tu, na kama ana pumzi ya nchi kavu basi ana haki ya kuchinjwa kama wenzake wa nchi kavu.

Ustadhi aliposikia alikuja akamweleza taratibu kwamba samaki ni samaki, asijipe tabu. Mzee akasema hayo yameandikwa kwa samaki wa baharini waliotulia, si kwa huyu mtembezi. Mama yangu naye, badala ya kumjibu alivyostahili, akaona heshima. Alisema mzee ametuchinjia miaka yote bila kinyongo, akitaka kuwachinja kambare awachinje, wateja watakula kwa raha zaidi. Akambebea ndoo nzima, wazima wote, hadi uani kwake. Mtaa ukaja kutazama. Hapo ndipo tulipotiwa mchanga kwenye kitumbua chetu, na tulibeba ndoo wenyewe.

Kambare hana shingo. Nani alimwambia mzee kwamba ana shingo? Kisu kilichokata koo la ng'ombe kikateleza kwenye ute, kikagonga mfupa wa kichwa, kikateleza tena. Mzee akasoma bismillahi ya pili, akambana kwa goti. Kambare akajipinda, na ule mwiba wa pezi ukamwingia mzee kwenye kiganja, huku kwenye nyama ya kidole gumba, ukazama wote. Akapiga ukelele wa mtoto. Kisu kikaanguka kwenye tope. Kambare, na jeraha lake dogo la nyuma ya kichwa, akajisukuma kwa mapezi, akapita katikati ya miguu ya watu, akatoka kwa chini ya uzio uleule, akarudi zake bondeni. Watu wakacheka. Uani kwa Mchinjaji, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kucheka, watu walicheka hadi kushikana mabega.

Laiti angecheka na yeye. Laiti angesema tu, bwana, huyu kanishinda. Badala yake alisimama, damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko, akatazama ile ndoo ya mama, akatamka kwamba kiumbe ambaye kisu cha halali kimemkataa haliwi, na anayemla ajijue. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Jioni ile wa kwanza kuja mezani kwetu alikuwa fundi baiskeli, mteja wa kila siku. Sikumbuki akisalimia. Alikuja na kipande alichokinunua jana yake, kimefungwa kwenye gazeti, kimeshaumwa upande mmoja, akakiweka juu ya meza kama mtu anayerudisha kiatu kisichomwenea. Kilichobaki kwenye meno yake sikumwona akikirudisha. Waliomfuata walipita tu wakitazama upande wa pili. Ustadhi alijaribu kusimama akala hadharani, watu wakasema yule kijana hana msimamo. Wiki haikuisha, mama akawa anakaanga mihogo, na mihogo nayo wakaikataa, eti karai ni lilelile. Akanunua karai jipya. Wakasema mkono ni uleule.

Kwa hiyo mama yangu akaenda kufagia barabara ya Kilwa. Alfajiri, fagio la kijiti refu kuliko yeye, vumbi, magari ya mizigo yanampitia kwa karibu hadi kanga inapepea. Jina la Mama Kambare likageuka tusi. Watoto wa darasa langu walikuwa wananiuliza kama leo tumekula haramu ya kukaanga au ya kuchemsha. Mzee alikuwa akipita, mkono una bandeji, anamsalimia mama, habari za kazi mama, na mama anamjibu, nzuri baba, za nyumbani. Nilikuwa natamani kumrukia. Mama alinikataza kumjibu mzee vibaya hata kwa sonyo. Krismasi ilipofika akanipa kuku nimpeleke kwake kama kawaida. Nikalia njia nzima kwa hasira, kuku nimempakata, na mzee akamnywesha maji na kumwomba radhi. Kuku, ati, ndiye aliyeombwa radhi.

Nilimwona mama yangu mnyonge. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyoamini kwa miaka yote hiyo, kwamba hasira ya nyumba yetu nimeibeba peke yangu, na yeye hana. Nilikua, nikahamia Manzese, nashona mapazia kwenye karakana nyuma ya barabara ya Morogoro, na kila nikija kumsalimia Jumapili namkuta amechuja zaidi na bado hasemi neno. Mzee naye alizeeka. Mkono uliochomwa ulianza kutetemeka, watu wakaanza kununua kuku wa dukani waliokwisha kuchinjwa na mashine, foleni ya uani ikaisha. Halafu miguu ikamwishia. Mke alishafariki, watoto wako Kiwalani na wanakuja wakikumbuka, kwa hiyo wanawake wa mtaani wakagawana kumpelekea chakula, huyu wa asubuhi, yule wa mchana.

Masika yaliyopita nilikwenda Jumapili nikamkuta mama mguu umevimba, aliteleza kwenye tope. Akanipa sahani imefunikwa kwa kawa lake la ukili, lile la rangi ya zambarau, akaniambia nimpelekee Mchinjaji. Niliuliza, tangu lini. Akasema tangu miguu ilipomwishia. Niweke, nigeuke, nirudi, na nisifunue. Nilitaka kukataa, lakini kwa ule mguu wake ningekataaje. Nikatoka nimenuna. Nilipofika katikati ya njia, upepo ukanipiga, na harufu ikanijia puani. Ndimu, pilipili kidogo, na kitu kingine ambacho pua yangu haiwezi kukikosea hata nikiwa na mafua.

Nilimpa shikamoo, maana shikamoo haizuiwi na hasira. Akaitika bila kunitazama, akiitazama sahani. Nikaiweka mbele yake, na badala ya kugeuka nikakaa kwenye kigoda. Akasubiri niondoke, nikabaki. Njaa ikamshinda. Akafunua kawa akaliweka pembeni, na pale kwenye wali kalala kambare wa mchuzi, nusu nzima na kichwa chake, sharubu zimejikunja kwenye nazi. Alikula kwa mkono ule unaotetemeka, alama ya mwiba bado iko kiganjani. Mtu akipita nje anaacha kutafuna, anatazama mlango. Hatua zikishapotea, anaendelea. Alikula hadi mifupa ikawa mitupu na kichwa kikabaki peke yake.

Nikamuuliza, "Babu, huyu kachinjwa na nani?"

Akalamba kidole. Akasema, "Wote niliwashika shingo, mwanangu. Huyu peke yake kisu changu hakikumuweza. Ndiyo maana napata kumla."

Maneno mazuri. Ningekuwa mtu wa kuandika kwenye kanga ningeyaandika. Nilimwambia kwamba mama yangu kafagia barabara kwa ajili ya maneno mazuri kama hayo. Nilimwambia mengi, sauti yangu ilipanda, sikuijali. Hakubisha. Alisema siku ile alichomwa mbele za watu, wakamcheka, likamtoka neno, na neno likishatoka hakujua pa kulishikia. Nikamwambia mahali pa kulishikia pako palepale barazani kwa wanywa kahawa, tukamwite ustadhi, tukamwite fundi baiskeli, aseme kwamba samaki wa mama walikuwa halali tangu mwanzo. Nitambeba mgongoni kama hawezi kutembea.

Akatikisa kichwa. "Nikilirudisha hilo," akasema, "watauliza na mengine yote niliyosema. Watauliza hadi kuku." Kisha akaisogeza sahani kwangu kwa ncha ya vidole. "Mwambie mama yako leo chumvi imezidi."

Chumvi imezidi! Niliinuka na ile sahani. Kawa niliona lilipo na nikaliacha palepale sakafuni. Nikatoka na sahani wazi mkononi, kichwa cha kambare juu, nikapanda njia nikitembea polepole kuliko siku zote za maisha yangu, nikimsalimia kila niliyekutana naye. Barazani walikuwa kwenye kahawa na drafti. Fundi baiskeli, mvi kichwa kizima siku hizi, ndiye aliyekuwa anacheza. Niliiweka sahani katikati ya drafti, kete zikatawanyika. Nikawaambia ninakotoka nayo, na ni nani amemaliza kula sasa hivi, na kwamba anakula kila siku.

Walitazama kile kichwa. Hakuna aliyethubutu kusema kimetoka kwingine. Kichwa cha kambare hakifanani na kingine chochote. Halafu fundi baiskeli akakohoa, akaokota kete yake moja iliyoangukia sahanini, akaifuta kwenye suruali. Akauliza, kwa uso mkavu kabisa, kama mama siku hizi anakaanga tena. Kama anakaanga, amwekee kipande cha mkia. Wengine wakaitikia, eti hata wao walikuwa wanasema sikuzote kwamba mambo yale yalikuzwa tu.

Nilichukua sahani kwa sababu ilikuwa ya mama, na kama ingekuwa yangu ningeivunjia palepale. Nikarudi nyumbani nikijiona nimeshinda na nimetukanwa kwa wakati mmoja. Mama alikuwa amekaa kitandani, mguu kauweka juu ya mto. Akaona sahani haina kawa. Akanitazama usoni, akaelewa yote kabla sijafungua mdomo, na uso wake ulibadilika namna ambayo sijawahi kuiona.

Nikamwambia nimemvua nguo mzee mbele ya baraza zima, jina la Mama Kambare limesafishika, wanataka aanze kukaanga kesho. Nilidhani atalia, au atanilaumu kwa kumdhalilisha mgonjwa, mama yangu mpole.

"Ulimwona anavyokula?" akaniuliza.

Nikasema nilimwona.

"Anatazama mlango?"

Nikasema ndiyo, kila mtu akipita.

"Huo mlango," mama akasema, na meno yalikuwa yameumana, "ndio ulikuwa malipo yangu. Kila siku ya Mungu nilikuwa nakaa mbele yake namtazama anavyoogopa. Sasa umeufungua. Watu wameshajua, ataogopa nini?"

Nilisimama pale na sahani, namtazama mwanamke aliyenizaa kama namwona kwa mara ya kwanza. Nikakumbuka mzee alivyoomba nimwambie jambo la chumvi, nikamwambia, kwa kuwa sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Mama akauvuta mguu wake taratibu, akaupanga vizuri juu ya mto. "Kanichukulie kawa langu," akasema. "Na huyo mzee mwambie, kesho chumvi naiongeza."